Sabuni ya kipande, benywari na dushi: namna ya kusafisha bila kujiumiza

Mu nyumba nyingi za zamani za Bukavu, na mu nyumba kadhaa za Goma na Uvira, kungali na benywari, lile hodhi refu la kuogea ambalo wajenzi wa wakati wa Wabelgiji walipenda kuweka. Leo ni wachache wanaojaza benywari na kulala ndani. Robine inatoa maji leo, kesho imekauka, na kesho kutwa hakuna anayejua. Kwa hiyo benywari imegeuka tangi ya nyumba. Usiku maji yakija, mama anaamka, anafungua robine, anaacha benywari ijae. Asubuhi watoto wanachota humo kwa kuoga, kufua, kuosha vyombo na kumwaga mu choo.

Ndiyo maana kusafisha benywari si jambo la kupendeza wageni tu. Maji ambayo familia nzima itatumia yanalala mu chombo hicho siku mbili au tatu. Na dushi, iwe ya karo ndani ya nyumba au ya simenti kule nyuma ya uwanja, ndipo kila mtu anakanyaga na miguu mitupu, kuanzia mtoto mchanga mpaka bibi mwenye miaka 80.

Kwa kazi hii, vitu vya bei ndogo vinatosha: kipande cha sabuni ya kufulia, brosi, ndimu, na javeli kidogo. Lakini kuko mambo mawili ambayo watu wengi hawakuambiwa. La kwanza: sehemu kubwa ya ile nyeupe inayoshika benywari inatoka mu sabuni yenyewe. La pili: vitu viwili ambavyo kila kimoja kinasafisha vizuri, vikikutana mu ndoo moja vinaweza kutoa hewa ya sumu.

Uchafu wa bafuni ni wa namna ine

Anayesafisha bila kujua anapigana na nini, anapoteza sabuni na maji bure. Mu benywari na mu dushi kuko uchafu wa namna ine, na kila namna iko na dawa yake.

Wa kwanza ni mafuta ya mwili, pamoja na vumbi, jasho, nywele na mafuta ya kujipakaa. Huu ndio mstari wa kijivu unaozunguka benywari pale maji yalipoishia. Unateleza ukiguswa na kidole. Sabuni inauondoa bila shida.

Wa pili ni ile nyeupe, ngumu kidogo, inayoshika kwenye karo, kwenye robine na chini ya benywari. Ukikauka unakuwa kama chokaa. Sabuni haiuondoi. Mara nyingine inauongeza.

Wa tatu ni ukungu mweusi, ule wa kwenye pembe na kati ya karo na karo. Ni kitu chenye uhai. Unaota pahali penye unyevu na pasipopita hewa.

Wa ine ni kutu, ile alama ya rangi ya kahawia chini ya robine inayovuja, au pale rangi ngumu ya benywari imebanduka na chuma kimebaki wazi.

Sabuni ya kipande inafanya nini

Sabuni ni mafuta yaliyopikwa na soda kostike. Hapa Congo mafuta hayo mara nyingi ni ya mawese. Kazi hii iko na historia ndefu nchini: mu mwaka 1911 kampuni ya Mwingereza William Lever, mtengenezaji wa sabuni, ilipata mashamba makubwa ya michikichi katika Congo ya Wabelgiji, na mji wa Lusanga mu Kwilu uliitwa Leverville kwa jina lake. Leo bado kuko watu wengi wa mashariki wanaopika sabuni nyumbani, mu pipa, kwa mafuta ya mawese na soda, na kuikata vipande vya kuuzisha sokoni.

Nguvu ya sabuni iko mu umbo lake. Kila chembe ya sabuni iko na pande mbili: upande mmoja unapenda maji, upande mwingine unapenda mafuta. Mtu akisugua, upande wa mafuta unashika uchafu, upande wa maji unashika maji, na maji yakimwagwa vyote vinaenda pamoja. Ndiyo maana kusugua na kumwagia maji ni nusu ya kazi. Sabuni iliyopakwa na kuachwa ikauke haijasafisha kitu.

Sabuni haiui kila kijidudu, lakini inatoa vingi pale vilipokaa. Inavunja pia vile virusi ambavyo viko na ngozi ya mafuta, kama kirusi cha Ebola na kile cha Korona. Watu wa Beni, Butembo na Mangina wanakumbuka: wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ndoo yenye robine ilikuwa mbele ya kila duka, na mtu hakuingia kabla ya kunawa.

Kwa nini ile nyeupe haitoke

Mu nyumba za kando ya ziwa mazungumzo kama haya yanasikika mara nyingi:

— Mama, nimesugua mara tatu na sabuni, ile nyeupe haitoke.

— Mwanangu, umeongeza sabuni juu ya sabuni. Acha kipande, leta ndimu.

Mama huyo anasema kweli. Maji yakiwa na madini mengi ndani, hasa magnesiamu na kalsiamu, huitwa maji magumu. Sabuni ya kipande ikikutana na madini hayo, haitoi povu haraka. Inashikana nayo na kuwa kama maziwa yaliyoganda, kitu cheupe kisichoyeyuka mu maji. Hicho ndicho kinachobaki ukutani na chini ya benywari.

Ziwa Kivu ni mfano mzuri. Liko katikati ya nchi ya volkano, na chini yake kuna chemchemi zinazoleta chumvi na madini. Maji yake yako na magnesiamu nyingi, na ukipima ukali wake yanaelekea upande wa alkali, pH karibu na 9. Maji hayo yanatoka kwa mto Ruzizi na kuingia Ziwa Tanganyika, ambalo nalo liko na magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu. Kwa hiyo anayechota ziwani kule Goma, na anayechota ziwani kule Uvira, Baraka au Kalemie, wote wanaijua ile nyeupe. Maji ya mvua ni tofauti. Ni laini, hayakupita mu mawe, na sabuni inatoa povu mara moja.

Njia ya kujua maji ya nyumbani ni ya namna gani ni rahisi. Chukua chupa mbili za plastiki zinazofanana. Ya kwanza tia maji ya robine au ya ziwa mpaka nusu, ya pili maji ya mvua. Kwangua sabuni kidogo, kiasi kimoja kwa kila chupa, funga, tikisa. Chupa yenye povu nyingi na maji yanayoonekana vizuri ni ya maji laini. Chupa yenye povu kidogo na maji yanayogeuka meupe kama uji mwepesi ni ya maji magumu.

Jaribio hili linaonyesha pia njia ya kupunguza kazi. Mu miezi ya mvua, anayekinga maji ya bati anaweza kuyaweka kando kwa kazi ya sabuni na kwa maji ya mwisho ya kumwagia. Sabuni kidogo itafanya kazi kubwa, na ile nyeupe haitarudi upesi. Maji ya kwanza ya mvua, yale yanayoosha vumbi la bati, yamwagwe.

Pasipo mvua, sabuni ya unga ya kufulia na sabuni ya maji ya vyombo zinafaa zaidi kuliko kipande mu maji magumu. Zinatengenezwa kwa njia nyingine, na hazigandi na madini kama sabuni ya mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha unga mu lita 3 za maji kinatosha kwa benywari nzima.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwa nyumba inayonunua maji kwa bidoni, kazi hii isimeze maji ya siku nzima. Bidoni moja ya lita 20 inatosha: karibu lita 3 za kulowanisha na kusugua, lita 12 za kumwagia, na lita 5 za javeli kama inahitajika.

Siku moja mbele, kwangua nusu ya kipande cha sabuni mu lita moja ya maji ya moto, koroga, acha ilale. Asubuhi itakuwa nzito kama uji. Sabuni ya namna hii inashika ukutani kuliko kipande kikavu, na haiishi haraka.

1. Fungua mlango na dirisha. Toa nywele na takataka kwa mkono au karatasi kabla ya kumwaga maji, zisije zikaziba bomba.

2. Lowanisha benywari au dushi yote. Maji ya vuguvugu yanalainisha mafuta kuliko maji baridi.

3. Paka ile sabuni nzito, kuanzia juu kwenda chini. Iache dakika 10. Isikauke, ikianza kukauka, nyunyiza maji.

4. Sugua. Kwa benywari tumia kitambaa kizito au eponji. Kwa karo na simenti tumia brosi. Kwa pembe na kandokando ya robine, brosi ya meno ya zamani inafika pale mkono haufiki. Hiyo brosi iwekewe alama, mtoto asije akaitia mdomoni.

5. Mwagia maji, tena kuanzia juu. Maji yakishuka bila povu na kidole kikilia kikipita juu ya karo, sabuni imetoka.

6. Pangusa na kitambaa kikavu. Watu wengi wanaruka hatua hii, lakini ile nyeupe na ukungu vinaanza na matone yaliyoachwa yakauke yenyewe.

Kuna vitu vya kuepuka. Benywari ya zamani ni ya chuma kilichopakwa rangi ngumu inayong'aa kama kioo. Mchanga na chuma cha kusugulia sufuria vinakwaruza rangi hiyo. Pale ilipokwaruzwa uchafu unashika zaidi, kisha kutu inaingia. Benywari na beseni za plastiki zinakwaruzwa upesi zaidi tena. Majivu ya jikoni, ambayo wabibi waliyatumia zamani, yanakata mafuta vizuri kwa sababu yako na alkali ndani. Lakini yachekechwe kwanza mpaka yawe laini kama unga, na yatumiwe kwa simenti na sufuria kuliko kwa benywari.

Ndimu, vinegri na bikaboneti

Kwa ile nyeupe dawa ni kitu kichachu. Uchachu unavunja ile sabuni iliyoganda na kuyeyusha madini. Maji ya ndimu au vinegri (siki) ya kawaida yanafaa.

Lowesha kitambaa mu maji ya ndimu au vinegri, kilaze juu ya alama, acha dakika 10 mpaka 15. Sugua, kisha mwagia maji mengi. Mafuta yaliyofunguliwa yatabaki kidogo, kwa hiyo pitisha tena sabuni ya unga au ya vyombo, halafu maji. Kama dushi iko na kichwa cha kunyunyiza na matundu yameziba, kifunguliwe na kilazwe mu vinegri usiku mmoja.

Kwa kutu, chumvi na ndimu vinasaidia: paka chumvi juu ya alama, kamulia ndimu, acha nusu saa, sugua na mwagia. Javeli haitoi kutu. Inaweza hata kuifanya ishike zaidi. Lakini kama robine inaendelea kuvuja, alama itarudi. Kubadilisha kile kipira kidogo ndani ya robine ni bei ndogo kuliko ndimu za mwaka mzima, na maji hayapotei.

Uchachu haufai pahali pote. Unakula simenti, granito na mawe meupe ya mapambo. Vikimwagiwa ndimu vinatoa mapovu madogo, na hapo ndipo vinaliwa. Hata kwa benywari ya zamani, kitambaa chenye vinegri kisiachwe usiku mzima. Asidi ya batri ya gari isitumiwe kabisa. Inachoma ngozi na macho, na inaharibu bomba. Soda kostike, ile ya kupikia sabuni, nayo si kitu cha kumwaga mu benywari. Na isiwekwe hata kidogo mu chupa ya maji au ya sukari, maana mtoto akiinywa inachoma koo na tumbo.

Bikaboneti ni unga mzuri wa kusugua, haukwaruzi. Wengi wanapenda kuichanganya na vinegri kwa sababu inatoa povu kubwa. Povu hilo linafurahisha macho, lakini vitu hivyo viwili vinamalizana nguvu, na kinachobaki ni maji ya chumvi. Ni heri kutumia bikaboneti kwanza, kumwagia maji, kisha vinegri peke yake.

Javeli inakuja baada ya sabuni, na inakuja peke yake

Sabuni imetoa uchafu. Javeli inaua vijidudu vilivyobaki na ukungu. Utaratibu huu haugeuzwi. Javeli ikimwagwa juu ya uchafu, nguvu yake inaishia kwenye uchafu huo, na vijidudu vinabaki salama chini. Ndiyo maana mu vituo vya kolera na vya Ebola watu walisafisha kwanza, kisha wakanyunyiza klori.

Kipimo kinategemea chupa. Asilimia ya klori imeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Kwa dushi au benywari ya nyumba ya kawaida, maji yenye klori ya 0,1% yanatosha. Javeli ya 2,6%: ml 200, yaani glasi moja ya kawaida, mu lita 5 za maji. Javeli ya 5%: ml 100, yaani nusu glasi, mu lita 5. Paka, acha dakika 10, kisha mwagia maji. Tumia maji baridi, vaa glavu, na usivae nguo ya kupenda.

Kama mu nyumba kuko mgonjwa wa kolera au wa kuharisha sana, kipimo kinakuwa kikali zaidi, na kinatolewa na watu wa kituo cha afya. Kile cha 0,5% ambacho wengi walikiona wakati wa Ebola ni cha vitu vilivyoguswa na maji ya mwili wa mgonjwa. Kile cha kunawa mikono kilikuwa 0,05%, mara kumi chini. Kuchanganya vipimo hivyo viwili kunachoma ngozi.

Javeli inapoteza nguvu mu joto, mu jua na kwa kukaa muda mrefu. Chupa inayong'aa iliyokaa wiki nyingi juani sokoni inaweza kuwa na harufu tu. Iwekwe pahali pa giza na baridi. Na maji ya javeli yaliyochanganywa asubuhi yasingojewe mpaka juma lijalo.

Sasa lile la hatari. Javeli ikikutana na kitu kichachu, yaani ndimu, vinegri, asidi au dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya klori. Bafuni ni chumba kidogo, mara nyingi kina tundu moja tu la hewa, na aliyeinama kusugua yuko na pua karibu kabisa. Hewa hiyo inachoma macho, koo na mapafu. Mtu anayechanganya haoni kosa lake: anafikiri kama ndimu inasafisha na javeli inasafisha, zikiwa pamoja zitasafisha mara mbili.

Javeli isikutane pia na amoniaki. Hiyo iko mu dawa fulani za kusafisha vioo na mu mkojo uliolala. Dushi ambayo watoto wanakojolea usiku imwagiwe maji mengi na isuguliwe kwa sabuni kabla ya kutia javeli.

Kwa hiyo aliyetumia ndimu au vinegri leo, amwagie maji mengi, na javeli aingoje kesho.

Kama ajali imetokea, na mtu anasikia harufu kali, anakohoa na macho yanalia, atoke mara moja. Asirudi kumwaga ndoo. Mlango uachwe wazi, watu wote wakae upepo unapopita. Macho yaliyoguswa yaoshwe kwa maji safi dakika 15. Aliyemeza javeli asilazimishwe kutapika, maana itamchoma mara ya pili ikipanda. Anayepumua kwa shida, au anayekohoa bila kuacha, apelekwe kituo cha afya, na chupa iende naye ili muganga aone ni dawa gani.

Benywari inapokuwa tangi ya maji

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, lava iliharibu sehemu ya mabomba ya maji ya Goma, na mitaa mingi ikabaki bila maji. Wakati kama huo, benywari iliyojaa ni mali. Lakini maji yasiyosafishiwa chombo chake yanakuwa mtego.

Chombo kinachokaa na maji kila siku kinaota utelezi mwembamba ukutani. Ni vijidudu vilivyojenga nyumba yao. Kuongeza maji mapya juu ya utelezi huo ni kuyachafua siku hiyohiyo. Kwa hiyo benywari ya maji imalizwe kabisa mara moja kwa juma, isuguliwe kwa sabuni, imwagiwe, ipitishwe javeli dakika 10, imwagiwe tena, ndipo ijazwe. Siku nzuri ni ile ambayo maji yamekaribia kuisha, ili kusiwe na kitu cha kumwaga bure.

Maji ya humo si ya kunywa. Benywari iko wazi, mikono mingi inaingia, na vumbi linashuka. Maji ya kunywa yawekwe mu bidoni yenye kifuniko, yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa ya klori kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dawa. Kwa kuchota mu benywari, kuwe na kopo moja lenye mkono mrefu, linalotundikwa ukutani, lisiachwe likielea.

Benywari iliyojaa ifunikwe na ubao mzito au karatasi ya bati iliyokatwa sawa. Mbu hawatataga humo. Na kuko sababu kubwa kuliko mbu: mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama mu maji yasiyofika magoti ya mtu mzima, na anazama bila kelele. Mlango wa bafuni wenye benywari iliyojaa ufungwe kila wakati.

Dushi ya nje

Familia nyingi za Goma, Bunia au Uvira hazina benywari wala karo. Dushi yao ni ukuta wa mbao au wa bashi, na chini ni simenti au mawe. Hapo pia sabuni ile ile inafanya kazi, kwa brosi yenye mkono mrefu. Hatari kubwa ya hapo ni utelezi. Ile rangi ya kijani kwenye simenti inaangusha wazee na wamama wenye mimba. Isuguliwe kila juma, na kama mawe yamelegea, yatengenezwe.

Maji ya kuoga yawe na njia ya kutokea, mbali na kisima na mbali na njia ya watu. Shimo dogo lenye mawe linayanyonya. Yakisimama, yanaleta mbu na harufu. Ndani ya nyumba, harufu inayopanda mu bomba la dushi isiyotumika mara nyingi ni kwamba maji ya ile kona ya bomba yamekauka. Kopo mbili za maji zikimwagwa humo, zinaziba njia ya harufu na ya mende.

Mara ngapi?

Kupangusa dushi baada ya mtu wa mwisho kuoga ni kazi ya dakika mbili. Kusugua kwa sabuni ni mara moja kwa juma, au mara mbili mu nyumba yenye watu wengi. Ndimu au vinegri ni mara moja kwa mwezi, pale ile nyeupe inapoonekana. Javeli ni baada ya sabuni, kwa siku yake, na kila mara mgonjwa wa kuharisha alipotumia pahali hapo. Mlango na dirisha viachwe wazi mchana, maana ukungu mweusi unaogopa upepo na jua kuliko dawa yoyote.

Mu nyumba nyingi kazi hii inaachiwa binti au mfanyakazi wa nyumbani, mara nyingi bila maelezo, na chupa zisizo na majina. Anayempa kazi anaweza kufanya jambo moja lisilo na bei: kuandika kwa kalamu kubwa kwenye kila chupa ni kitu gani ndani, kuweka javeli upande mmoja na vinegri upande mwingine, na kumwambia mdomo kwa mdomo kwamba vitu hivyo viwili havikutani mu ndoo moja.